Kahawa Isiyokuwemo Kwenye Jedwali

Nianze na jambo lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitazunguka hadi kesho na njiani nitajitafutia visingizio. Nilimdhulumu mke wa kaka yangu. Sikumpiga, sikumtukana, sikumwibia. Nilisema sentensi moja, tena ya kweli tupu, mbele ya wazee wa ukoo, na kwa sentensi hiyo akafukuzwa nyumbani kwake na kutenganishwa na mtoto wake. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na maneno yenyewe niliyatoa kwenye waraka wa serikali.

Wakati huo nilikuwa bibi shamba. Ofisi yetu ilikuwa Bukoba mjini, nami nilipanga vyumba viwili Buhembe. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini, Bukoba na Muleba yote, kuwafundisha wakulima wa kahawa. Nilikuwa na buti za mpira, baiskeli ya ofisi na mdomo. Mdomo ndio uliokuwa mwingi kuliko vyote. Nikifika kwenye mkutano wa kijiji nilisema mpaka mwenyekiti anaanza kukohoa kunikumbusha kwamba na yeye yupo. Wakulima waliniita mwalimu wa magugu, na mimi mjinga nikadhani wananisifu.

Magugu yalikuwa mengi kweli. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini vilituachia maduka matupu, hakuna sabuni, hakuna jembe jipya. Halafu ukaja ugonjwa, ule ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo, kabla hatujafundishwa kuuita UKIMWI. Ulichukua watu wa umri wa kushika jembe, ukawaacha wazee na watoto. Basi lumbugu, yale majani yenye mizizi mirefu inayotambaa chini ya migomba, yalipata sherehe. Unapita kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha watu unaowajua, ambacho zamani kilikuwa kisafi hata jani lililodondoka unaliona, sasa majani yanakufika magotini. Hapo hapo ndipo ilipoanza kuletwa dawa ya kuua magugu, ya kupulizia kwa bomba la mgongoni. Mtu mmoja kwa asubuhi moja alifanya kazi ya watu kumi kwa wiki. Tuliipokea kwa mikono miwili.

Waraka ulifuata nyuma ya dawa. Ulisema kwamba chakula chochote kilichovunwa mahali palipopuliziwa dawa kinaweza kubaki na mabaki yake, na kwamba kila zao limewekewa kiwango, kidogo sana, ambacho mabaki hayo hayaruhusiwi kukizidi. Ili kisizidi, mkulima alitakiwa kungoja siku kadhaa kati ya kupuliza na kuchuma. Nyuma ya waraka kulikuwa na jedwali: zao, kiwango, siku za kungoja. Mahindi yalikuwemo. Maharage yalikuwemo. Kahawa ilikuwemo, imeandikwa "buni kavu", siku thelathini.

Nililisoma jedwali lile nikaona kitu kinakosekana. Sisi Wahaya hatunywi kahawa sana, tunaitafuna. Tunaichuma kabla haijaiva, tunaichemsha na majani yenye harufu nzuri, tunaianika juani, tunaiweka kwenye kikapu kidogo. Ndiyo akamwani. Mgeni akiingia nyumbani kwako, kabla hujamuuliza habari za alikotoka, unamletea akamwani. Mwenye nyumba anachukua punje moja anaitafuna kwanza, mgeni aone kwamba hakuna ubaya, ndipo anampa. Kuikataa si kama kukataa chai. Ukiikataa umeikataa nyumba na waliomo.

Nikamuuliza mkuu wangu wa kazi, "Mzee, na kahawa ya kutafuna je? Hii haikaangwi wala haikobolewi, inaingia mdomoni na ganda lake."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe nawe! Walioandika wanatafuna? Hayo ni kwa ajili ya kahawa inayopanda meli. Wanunuzi huko nje wamekuwa wakali."

"Lakini na sisi tuna matumbo."

"Nenda kafundishe kilichoandikwa."

Nikaenda. Kwenye mkutano wa kwanza kabisa, mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza swali lilelile: hii tunayotafuna, tungoje siku ngapi? Ningeweza kusema sijui, bado haijapangwa. Nani? Mimi niseme sijui mbele ya watu? Nikasema, "Thelathini, kama buni." Akauliza nani kasema. Nikasema, "Serikali." Serikali haikuwa imesema kitu. Ilikuwa ni mimi peke yangu na buti zangu.

Sasa nimlete kaka yangu. Alinizidi miaka miwili. Vita vilipoanza aliondoka na mgambo, akarudi mzima, amekonda tu na amejifunza kuvuta sigara. Baadaye akaingia kwenye biashara ya samaki, Bumbire na Goziba, wiki mbili visiwani, wiki moja nyumbani Muleba kwenye kibanja alichoachiwa na baba. Alioa mwanamke mpole, mchapakazi, anayecheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Huyo ndiye wifi yangu. Tulipendana, na nasema hivyo bila kuona haya, ingawa kwa niliyoyafanya najua hutaniamini. Nikifika kwao ananitania, "Karibu, bibi shamba asiye na shamba!" Ananifungia ndizi na maharage nipeleke Buhembe, eti mjini tunakula hewa. Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike.

Kaka alirudi kutoka Goziba safari moja akiwa anaharisha, na hakurudi tena kisiwani. Sitaeleza ugonjwa wake. Kila nyumba ya kwetu inajua unavyokwenda, na wasiojua Mungu awaepushe. Wifi alimuuguza mwaka mzima na miezi juu yake. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko. Kibanja kikaliwa na lumbugu kwa sababu mikono miwili haiwezi kushika mgonjwa na jembe kwa wakati mmoja.

Mimi ndiye niliyempelekea dawa. Naomba hilo lieleweke vizuri. Hakuiiba, hakuinunua magendo. Nilifunga bomba nyuma ya baiskeli, nikapanda nalo milima yote ile, nikamfundisha kuchanganya, nikamwonyesha apulizie chini tu, upande wa mibuni, asiguse migomba wala maharage. Wifi akafanya zaidi ya nilivyomfundisha. Matawi ya mibuni yaliyoinama chini aliyafunga juu kwa kamba za migomba, dawa isiyafikie. Mkulima mwingine aliyefanya hivyo sikuwahi kumwona, wilaya mbili nzima.

"Ningoje siku ngapi kuchuma?" akaniuliza.

"Thelathini."

"Hata ya kutafuna?"

"Hata ya kutafuna, wifi. Ukinizidishia moja sitakasirika."

Akacheka na kiganja mdomoni. Alichukua kamba kavu ya mgomba, akasema kila jioni atafunga fundo moja, kwa sababu siku za kuuguza zinafanana na angezipoteza.

Kaka akafariki. Misiba wakati ule ilikuwa imekaribiana hata wazee wakakaa wakapunguza siku za matanga. Zamani jembe lilikuwa halishikwi siku nyingi mtu akifa, lakini kwa vifo vile tungekufa na njaa sote. Kwa hiyo tulimzika kaka kwenye kibanja, karibu na baba, na siku chache baadaye ikawa siku ya kuanua tanga, na siku hiyo hiyo wazee wakakaa kikao cha kuamua mambo ya nyumba yake.

Jambo la kuamuliwa lilikuwa moja: wifi abaki kwenye kibanja amlee mtoto, au kibanja kirudi kwenye ukoo na yeye aende kwao. Kwa kawaida mjane mwenye mtoto na tabia njema aliachwa. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao, na siku ile asubuhi aliniambia mwenyewe, "Huyu mwanamke amemuuguza mtoto wetu vizuri. Hatuna neno naye." Mimi nikiwa shangazi wa mtoto nilikuwa na nafasi yangu kwenye kikao, na kwetu neno la shangazi ni zito. Niliingia mle ndani nikijua kwamba wifi anabaki. Kila mtu alijua.

Wifi akaingia na kikapu cha akamwani. Alikuwa amefunga khanga nyeusi hadi shingoni. Akapiga magoti, akachukua punje moja, akatafuna. Akampa baba mdogo, akachukua. Akawapa wazee wawili waliofuata. Akanifikia mimi. Alipoinama khanga ikateleza kidogo, nikaona upande wa shingo yake vile vipele vya mkanda wa jeshi, vimekauka, vimeacha makovu meusi. Tulijua wote maana ya mkanda wa jeshi kwa mjane wa miaka ile.

Nisikilize sasa. Miezi miwili kabla ya hapo tulipelekwa semina, watumishi wote wa idara, na daktari akatueleza kwa saa nzima kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mikono. Niliandika kwenye daftari. Nikapigia na mstari. Nikaenda vijijini nikawahubiria wengine, nikawakemea waliokuwa wanatenga vyombo vya wagonjwa. Nilimkemea mama mmoja mpaka akalia. Nilikuwa najua. Wengine mle ndani waliogopa kwa kutojua, mimi niliogopa huku najua.

Vidole vyake vilikuwa vimeshika punje, vinaningoja. Mkono wangu ukakataa. Nikasema, "Hapana, asante."

Lo! Baba mdogo akaacha kutafuna. "Mwanangu," akasema, "unaumwa?"

Ningesema naumwa. Ningesema meno. Mdomo wangu, ule ule wa mikutanoni, ukajiokoa wenyewe. "Baba mdogo, kahawa hii imetoka kwenye shamba lililopuliziwa dawa ya magugu. Serikali imeweka sheria ya mabaki ya dawa kwenye chakula. Mimi kama mtumishi siwezi."

Mzee mmoja akatema pale pale chini. Wa pili akatoka nje kutema, nikamsikia anasukutua na maji. Wifi alibaki amepiga magoti, kikapu mkononi, ananitazama mimi tu. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anadhani nimesahau.

"Wifi," akasema taratibu, "nilingoja. Siku thelathini na moja, ulivyoniambia." Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na ile kamba ya mgomba yenye mafundo. Akampa baba mdogo. Mzee akayahesabu kwa kidole gumba, polepole, huku sote tunangoja. Yakawa thelathini na moja.

Baba mdogo akanigeukia. "Zimetosha?"

Hapa ndipo. Nimepaota mahali hapa mara nyingi na kila mara natamani nijizibe mdomo kwa udongo. Alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa. Ningesema "Zimetosha, nilikuwa nimesahau", tungecheka, ningeichukua ile punje, yangekwisha. Lakini nikisema zimetosha, itabidi niitafune. Nikasema, "Kwa kahawa ya kutafuna, kiwango hakijawekwa."

Ilikuwa kweli. Kalete waraka, soma jedwali kuanzia juu hadi chini, utaona hakijawekwa. Sijawahi kusema kweli chafu kama ile.

Baada ya hapo maneno hayakuwa yangu tena. Mzee aliyetema akasema kumbe ardhi ya ukoo imetiwa sumu. Mwingine akauliza migomba je, mtoto je, marehemu naye alikuwa analishwa nini? Hilo la marehemu lilipotajwa wifi akapiga ukelele mmoja mfupi na kukaa chini. Nikatazama mlango. Baba mdogo alijaribu kidogo, akasema mama huyu hana kosa kubwa, lakini hakuna aliyemuunga mkono, na mimi niliyekuwa na neno zito sikuwa na neno. Jua lilipofika kati wakawa wameamua. Kibanja kitunzwe na baba mdogo. Mtoto ni wa ukoo, atabaki. Mama aende kwao. Kwa kuwa nyumba ya baba mdogo ilikuwa imejaa yatima wa wengine, mtoto akapewa shangazi wake.

Ndiyo. Nikapewa mimi.

Wifi alifunga nguo zake kwenye kitenge. Mtoto alikuwa na miaka miwili, amelala. Hakumwamsha. Alinijia pale uani, nikajiandaa kutukanwa, ningefurahi kama angenitukana. Akasema, "Akilala bila kufunikwa miguu anakohoa." Akaondoka zake na njia ya Bukoba.

Wote walipotawanyika niliokota kile kikapu kilichobaki pale chini, nikamimina punje zote mfukoni. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka ziwe na sumu kweli. Wiki ile ofisi ilikuwa inapeleka sampuli za buni maabara, za kupimwa mabaki kabla kahawa haijasafirishwa, nami ndiye niliyefunga mifuko. Nikaongeza mfuko mmoja. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika akamwani, nikaandika buni. Mvua za masika zilipokwisha majibu yakarudi. Nilitafuta namba ya mfuko wangu mstari kwa mstari. Palikuwa pameandikwa: mabaki hayakuonekana.

Wala kidogo. Ilikuwa kahawa safi kuliko nyingi tulizozipitisha. Nilikuwa na karatasi yenye mhuri, ya serikali ile ile niliyoisingizia, inayosema mwanamke yule alifuata sheria vizuri kuliko mtu yeyote. Unadhani nilifanya nini? Niliikunja nikaiweka kwenye droo, chini ya stakabadhi za mabomba. Nilijiambia nitaipeleka Muleba Jumapili. Nimejiambia Jumapili nyingi sana.

Mtoto alinizoea haraka. Baada ya miezi mitatu akaniita mama. Ningemwambia, "Mimi shangazi, mama yako yuko mahali fulani." Sikumwambia. Ilikuwa inapendeza kuitwa, basi. Majirani wa Buhembe walimjua kama mwanangu, nikamwandikisha chekechea kama mwanangu. Habari za wifi nilizisikia kwa mbali: kwao hawakumpokea vizuri, kaka zake walikuwa wamekufa na wake zao walimwogopa, akaenda visiwani.

Ikapita miaka minne. Siku moja mchuuzi wa samaki akaja ofisini, ndoo mkononi, akaniita pembeni. "Dada, kuna mama Goziba anauza chakula. Ameniambia nikuulize, mtoto akilala anakohoa?"

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Mkuu wangu akapita akauliza kama nimepata msiba, nikasema ndiyo.

Nikaenda Goziba. Mwenyeji haendi huko kutembea. Ni mawe, mabati, nyavu za dagaa, watu wa kila kabila waliokuja kutafuta riziki wakasahau kurudi. Boti ilitupiga maji njia nzima na nikatapika mbele ya vijana wavuvi, wakanicheka, ikawa haki yangu. Wifi alikuwa na kibanda cha maturubai na mabenchi mawili, amekonda, nywele zimekuwa chache, anasimama huku ameegemea nguzo. Wavuvi walikuwa wanamwita mama, wanakula wali wake kwa mikono, mmoja anapokonya kipande kwenye sahani ya mwenzake. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilisimama pale nikawatazama wanavyokula.

"Bibi shamba," akasema. "Keti."

Nikaanza kulia na kuomba msamaha, maneno mengi, unanijua. Akaningoja kwanza nimalize, akafuta meza kwa kitambaa.

"Msamaha nitauweka wapi hapa, wifi? Sina hata kabati." Akakaa. "Mimi naumwa. Unaona mwenyewe. Nataka kufia kwangu, na nataka kumwona mtoto akicheza kwenye uwanja wa baba yake. Wewe ndiye uliyefunga ule mlango. Nenda ukaufungue."

"Nitawaambia nini?"

"Wee! Hata hilo nikufundishe?"

Nilirudi, nikachukua ile karatasi kwenye droo, nikapanda baiskeli hadi Muleba siku iliyofuata, maana ningengoja Jumapili nisingekwenda. Baba mdogo alikuwa ameketi kibarazani anachambua maharage. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima, mtumishi wa serikali. Nikasema, "Baba mdogo, siku ile ya kikao nilidanganya. Siku za dawa zilitosha. Sikuogopa dawa. Niliona shingo ya wifi nikaogopa ugonjwa, na nilikuwa najua kwamba hauambukizwi kwa akamwani. Hii hapa karatasi ya maabara."

Hakuipokea. Aliendelea kuchambua, anatupa mabovu pembeni.

"Weka karatasi yako," akasema. "Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Mwanangu, mle ndani nani hakuiona ile shingo? Mimi nilikuwa nimekwisha itafuna, moyo unanidunda. Wote tulikuwa tunaogopa, ila tulikuwa tunaona aibu kumwogopa. Wewe msomi ukatupatia sababu ya serikali. Tukaishika." Akanitazama mara ya kwanza. "Ungeitafuna, tungetafuna sote, na mambo yangekwisha. Tulikuwa tunakutazama wewe."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama wifi anaweza kurudi.

"Arudi tu. Nyumba ipo. Mimi nilikuwa nangoja mtu aseme."

Hivyo tu. Hakuitisha kikao, hakuniuliza swali la pili. Maharage kwenye ungo hayakuwa yamefika nusu. Miaka minne mwanamke alikaa juu ya mawe, anakaangia watu samaki huku mwili unamwisha, na kilichohitajika kumrudisha ni mimi kusema maneno ya kumaliza kwa pumzi moja. Niliendesha baiskeli kurudi Bukoba nikiwa napiga kelele peke yangu barabarani, watu waliokuwa wanatoka sokoni wakanipisha.

Nilikwenda kumpokea ufukweni Muleba, nikaenda na mtoto. Nilimvalisha gauni lake la kanisani, nikamsuka. Njia nzima nilikuwa nimepanga kumweleza, na njia nzima nilimweleza habari za boti, na samaki, na kwamba tunakwenda kumpokea mtu. Boti ikafika. Vijana wawili wakambeba wifi kwenye maji, wakamsimamisha mchangani. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Alimwona mtoto, akaifunika midomo yake kwa kiganja, kama alivyokuwa anafanya akitaka kucheka, lakini hakucheka.

"Msalimie," nikamwambia mtoto.

"Shikamoo, bibi," akasema. Wifi hakuwa amefikisha miaka thelathini na mitatu.

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto akavuta sketi yangu. "Mama, huyu bibi ni nani?"

Wifi hakunisaidia, na alifanya vizuri. Nikachuchumaa, nikamshika mtoto mabega. "Huyu ndiye mama yako. Aliyekuzaa. Mimi ni shangazi yako."

Mtoto akanitazama, akamtazama yule mwanamke aliyekonda, akaanza kulia kwa sauti huku amenikumbatia shingo kwa nguvu hata nikashindwa kusimama. Wifi alikuwa amekwisha nyoosha mikono. Akaishusha.

"Mwache," akasema. "Atazoea."

Wifi yangu aliishi nyumbani kwake miezi minane. Mtoto alimwita mama kwa mara ya kwanza katika ule wa saba.